Mazoezi ya Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Lubumbashi: Namna ya Kuyatunga Mwenyewe

Nilipoanza kufundisha Kiingereza jioni huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, rafiki alinitumia kwa simu faili la mazoezi lenye kurasa nyingi, nami kwa njaa ya vifaa niliyokuwa nayo nikawa nayanakili ubaoni kama yalivyo, ukurasa kwa ukurasa. Maelezo ya pembeni yalikuwa ya Kivietnam. Niliyaruka, nikijiambia kwamba mazoezi ni mazoezi na Kiingereza ni kilekile. Baada ya wiki kama tatu niliona jambo la ajabu: wanafunzi wangu walikuwa wanapata alama nzuri kwenye karatasi, lakini wakifungua midomo makosa yao yalikuwa yaleyale ya siku ya kwanza.

Faili lile halikuwa baya. Lilikuwa limetungwa kwa ustadi, ila lilishughulikia makosa ambayo wanafunzi wangu hawakuwa nayo. Katika Kivietnam kitenzi hakibadiliki: neno “đi”, yaani kwenda, hubaki “đi” awe anayekwenda ni mimi, wewe au yeye, na jambo lililopita huonyeshwa kwa kijineno kama “đã” kinachotangulia kitenzi. Nomino nayo hubaki ileile katika umoja na wingi. Tena silabi ya Kivietnam huweza kuishia kwa konsonanti chache tu, na “s” si mojawapo. Ndiyo maana Mvietnam anayeanza Kiingereza huelekea kusema “he go” na “yesterday I go”, na ndiyo maana faili lile lilijaa mazoezi ya kunoa miisho ya maneno. Mwanafunzi wangu wa Katuba hali mwisho wa neno, bali anauongezea irabu: “book” kwake huwa “buku”, na “street” huwa “sitiriti”. Wala shida yake kubwa si “my father go”. Yeye husema “my father he goes”, kwa sababu katika “baba anakwenda” ile “a-” imo ndani ya kitenzi na haitoki. Mmoja anapunguza na mwingine anazidisha, kwa hiyo karatasi moja haiwezi kuwafaa wote wawili.

Tangu hapo natunga mazoezi yangu mwenyewe, na yafuatayo ndiyo ninayofanya. Nayaandikia walimu wenzangu wa Lubumbashi, lakini nadhani anayefundisha Likasi au Kolwezi hatahitaji kubadilisha mengi.

Kwanza, daftari la makosa

Usitunge zoezi lolote kabla hujasikiliza. Chukua daftari, au kaye kama tunavyosema hapa, na kwa muda wa wiki mbili andika kila kosa linalojirudia, neno kwa neno jinsi lilivyotoka kinywani, bila kulisahihisha. Kila ukurasa uwe na safu tatu. Katika safu ya kwanza weka sentensi ya Kiingereza yenye kosa. Katika ya pili andika namna mwanafunzi yuleyule angelisema jambo hilo kwa Kiswahili. Katika ya tatu, kwa Kifaransa, lugha yetu ya shuleni. Safu mbili za mwisho usizijaze kwa kubahatisha. Muulize mwenyewe, baada ya kipindi, kwa upole: “Ungelisema namna gani nyumbani? Na shuleni?” Mwanafunzi mmoja aliniambia “I hear cold”, na nilipomuuliza akajibu mara moja kwamba nyumbani ni “nasikia baridi” na shuleni ni “j'ai froid”. Kosa lake lilikuwa limetoka kwenye safu ya pili moja kwa moja, wala Kifaransa hakikuhusika.

Walimu wengi watashangaa kuona Kiswahili kinaingizwa katika kipindi cha Kiingereza. Ninajua madarasa ambamo mwanafunzi hutozwa faini akithubutu kusema neno moja la Kiswahili. Mimi siioni faida yake. Kiswahili kimo kichwani mwake ukikataza au usikataze, na ukikikataza kinafanya kazi gizani pasipo wewe kukiona.

Jambo moja la kuangalia: andika Kiswahili anachokisema yeye, si kile cha vitabuni. Vitabu vilivyotungwa pwani humwambia msomaji kwamba sauti ya mwanzo ya “think” ni sawa na ile ya “thamani”, na ya “this” ni sawa na ile ya “dhahabu”. Ushauri huo ni mzuri Zanzibar. Hapa kwetu watu wengi husema “selasini” na “zahabu”, na ukimwelekeza mwanafunzi kwenye “thamani” atakupa “samani”, kisha “sink”, halafu wote wawili mtabaki mnatazamana.

Kisha, mafungu matatu

Makosa yakifika hamsini hivi, yapange upya. Vitabu huyapanga kwa sarufi, yaani nyakati ukurasa huu na vihusishi ukurasa ule. Mimi huyapanga kwa kuuliza swali moja: Kiswahili na Kifaransa, hapa vinavuta upande gani?

Fungu la kwanza ni pale lugha zote mbili zinapovuta upande mmoja dhidi ya Kiingereza. Mwenye umri wa miaka ishirini husema “nina miaka ishirini” na “j'ai vingt ans”, kwa hiyo “I have twenty years” inasukumwa na mikono miwili. “Nina njaa” na “j'ai faim” vivyo hivyo. “Kufanya” na “faire” vyote huziba tofauti ya “do” na “make”. Sauti ya “h” imo humohumo: Kifaransa hakiitamki, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi mara nyingi huiacha pia, tukasema “apa” na “abari”. Makosa ya fungu hili hayatoki kwa maelezo, hata uyaeleze vizuri namna gani. Yanahitaji kurudiwa kwa mdomo, dakika tano kila kipindi, kwa majuma mengi.

Fungu la pili hunifurahisha zaidi, kwa sababu lugha moja inaleta kosa na nyingine ina dawa yake. Kifaransa kina “apprendre” kwa anayepokea somo na kwa anayelitoa, ndiyo maana tunasikia “he learned me English”. Lakini hakuna mtoto wa Lubumbashi anayechanganya kujifunza na kufundisha. Mwambie: “learn” ni kujifunza, “teach” ni kufundisha, basi. Vivyo hivyo “the life is hard” inatoka kwa “la vie est dure”, nawe waweza kuifuta kwa kumrudisha kwenye “maisha ni magumu”, ambapo hakuna neno linalotangulia maisha. “I have lost the key yesterday” ni mtoto wa “j'ai perdu la clé hier”. Hapo Kiswahili sanifu hukusaidia kwa “nimepoteza ufunguo” na “nilipoteza ufunguo jana”, ingawa katika maongezi yetu ya kila siku mpaka kati ya “-me-” na “-li-” haunyooki kama ulivyonyooka kwenye vitabu, na ni vema usikilize kwanza kabla ya kuutegemea. Mara nyingine mwokozi ni Kifaransa. Yule wa “I hear cold” alipona siku nilipomkumbusha kwamba “entendre” ni kazi ya masikio tu. Katika zoezi la fungu hili andika juu ya karatasi sentensi ya lugha inayosaidia, wala usiitaje ile inayopotosha.

Fungu la tatu ni pale kila lugha inapovuta kivyake na Kiingereza kikawa njia ya tatu. Hapo ndipo penye “his” na “her”, nami nitapakalia kwa muda, kwa kuwa sijaona kosa linalodumu kama hili, hata kwa watu wenye shahada.

Mfano wa karibu: mama yake

Kiswahili husema “mama yake” na hakijali kama mwenye mama ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa husema “sa mère”, na hiyo “sa” inafuata jinsia ya mama, si ya mwana. Kiingereza hufuata mwenye mali: “his mother” ikiwa mwana ni mwanamume. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kwa taabu kwamba mama ni wa kike na hivyo ni “sa” atasema, kwa uhakika kabisa, “Joseph loves her mother”, na Mwingereza akisikia ataanza kujiuliza ni mama wa nani huyo.

Zoezi la kwanza halina karatasi. Waite mbele watu wawili, mwanamume na mwanamke, na uweke mezani vitu vyao: kofia, simu, mkoba, funguo. Anayetaka kusema lazima kwanza amwonyeshe mwenye kitu kwa mkono, aulize kwa Kiswahili “Cha nani?”, kisha ndipo afungue mdomo: “his phone”, “her hat”. Mkono utangulie ulimi. Waache wafanye taratibu sana mwanzoni, kwa sababu kosa hili ni la haraka, nao wakishazoea kumtafuta mwenye mali kabla ya mali, mkono utaanza kushuka wenyewe.

Zoezi la pili ni la kuandika, nalo ni sentensi za Kiswahili za kupeleka katika Kiingereza. Ziandike hivi ubaoni: “Joseph anamngoja dada yake Kasumbalesa.” “Béatrice amempikia mume wake bukari.” “Mzee Kabwe na binti yake wanauza kalembula soko la Kenya.” (Bukari ni ugali, kalembula ni majani ya viazi vitamu, na Kenya hiyo ni mtaa wa hapa Lubumbashi.) Baada ya sentensi nane za namna hiyo, weka ya tisa: “Mtoto amempoteza baba yake sokoni.” Hapo darasa litanyamaza. Wengine wataandika “his” kwa sababu baba ni mwanamume, na hao ndio bado hawajaelewa. Aliyeelewa atainua mkono na kuuliza: “Mwalimu, mtoto ni mvulana au ni msichana?” Usimpe jibu upesi. Mwache awageukie wenzake na kuwaeleza kwa nini ameuliza, kwa Kiswahili kama anataka. Sentensi hiyo moja ambayo haiwezi kutafsiriwa bila kuuliza imenifanyia kazi kuliko kurasa zote za kujaza nafasi nilizowahi kuzinakili.

Ndugu wa kosa hili ni “he” na “she”. Mwanafunzi wangu mmoja, mama anayeuza vitenge, alitusimulia safari ya kaka yake kwa dakika kumi nzima kwa “she”, huku anajua kabisa tofauti ukimuuliza. Kwa shida hiyo natumia viti viwili: cha kushoto ni cha “he”, cha kulia ni cha “she”, na msimuliaji anasogea kutoka kiti hadi kiti kadiri anavyomtaja huyu au yule. Hadithi ya kuposa ndiyo inayofaa zaidi, maana ina pande mbili na watu wengi.

Masikio na midomo, bila karatasi

Darasa la watu sitini na fotokopi ya kulipia haviendi pamoja, kwa hiyo mazoezi ya sauti yatungie mikono. Kiswahili kina irabu tano, nazo hazitofautishi “ship” na “sheep”, wala “full” na “fool”, wala “live” na “leave”. Andika “ship” upande wa kushoto wa ubao na “sheep” upande wa kulia. Ugeukie ukuta ili wasiusome mdomo wako, tamka moja, nao wainue mkono wa kushoto au wa kulia. Kwa kutupa jicho mara moja utaona darasa zima limesikia nini. Usiwaombe kutamka hadi mikono iwe inapatana, kwa kuwa asiyeisikia tofauti hawezi kuitoa. Baadaye mwachie mwanafunzi mmoja nafasi yako. Akitamka vibaya, mikono ya wenzake itamwambia, na hutalazimika kumwambia wewe.

Kwa “h”, kata kipande chembamba cha karatasi na ukishike mbele ya midomo. Kwa “air” kisitikisike, kwa “hair” kitikisike. Halafu “eat” na “heat”, “old” na “hold”. Jioni umeme ukikatika, mshumaa unafanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi, na kwetu mshumaa hauhitaji kutafutwa.

Mkazo wa neno nao upigiwe makofi. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na anayefuata Kifaransa huusukuma mwishoni kabisa. Katika “hospital”, “calendar” na “manager” Kiingereza huupeleka mwanzo. Piga kofi moja kubwa na mawili madogo, kisha neno lifuate makofi. Vihusishi na maneno ya Kifaransa yanayofanana na ya Kiingereza lakini yenye maana nyingine, kama “librairie” na “library”, yanatosha kwa orodha fupi ukutani. Sioni haja ya kuyatungia vipindi.

Ndiyo na hapana

Liko kosa moja dogo ambalo linaweza kumgharimu mtu fedha. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa ni kilomita zipatazo 90, na ukivuka unaingia Zambia, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza. Mama mmoja wa darasa langu alivuka na mizigo yake akaulizwa: “You don't have any other bags?” Hakuwa na mingine. Akajibu “Yes”, kama tunavyojibu “Ndiyo” tukikubaliana na aliyesema huna. Afisa akasikia kwamba mizigo mingine ipo, akataka aione, na maelezo yakachukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Katika Kiswahili “ndiyo” humjibu msemaji: umesema kweli. Katika Kiingereza “yes” na “no” huufuata ukweli wenyewe, hata swali liwe limegeuzwa namna gani. Kama hakuna mzigo, ni “no”. Hapa Kifaransa ni rafiki, kwa sababu aliyezoea kujibu “non, je n'en ai pas” yuko karibu kabisa na “no, I don't”. Zoezi lake ni la kasi. Mmoja ni afisa, mwingine msafiri mwenye mkoba ambao darasa limekwisha kuona vilivyomo. Afisa aulize kwa kukanusha tu: “You don't have any kwacha?” “You're not from Likasi?” “You haven't got a phone?” Msafiri ajibu papo hapo, na kila jibu lifuatwe na kipande chake, “No, I don't”, “Yes, I am”, kwa kuwa “yes” tupu haimwokoi mtu yeyote. Kama jibu na mkoba vinapingana, darasa lote lisimame. Kelele zitakuwa nyingi, kwa hiyo funga mlango.

Karatasi yenyewe

Kila zoezi la kuandika libebe kosa moja tu, na sentensi zisizidi kumi au kumi na mbili. Anza na mbili ambazo kila mtu atazipata, malizia na moja isiyo na jibu moja. Watu na vitu viwe vya hapa, si kwa ajili ya mapambo, bali kwa sababu mwanafunzi anayeijua hali ilivyo hutumia akili yake yote kwenye lugha. Akisoma kuhusu theluji anagawanya akili hiyo kati ya mambo mawili yasiyofahamika.

Epuka kumpa majibu ya kuchagua. Najua kwa nini tunayapenda: mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari huuliza hivyo, na wazazi wanataka watoto wapite. Toa basi karatasi moja ya kuchagua kwa mwezi kwa ajili ya mtihani, lakini usihesabu kwamba umefundisha. Aliyepewa majibu manne anajifunza kukisia, na barabarani hakuna anayempa mtu majibu manne.

Unaposahihisha, usiandike ubaoni sentensi yenye kosa, hata kwa kuikata kwa chaki nyekundu, maana jicho huibeba nyumbani. Andika iliyo sahihi na kando yake sentensi ya Kiswahili iliyokusudiwa. Kosa lililofanyiwa zoezi Jumatatu lirudi Alhamisi kwa sentensi mbili tu, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi. Katika lile daftari lako weka tarehe ya kila mara uliyolisikia tena. Ukikaa miezi miwili bila kuongeza tarehe, lipigie mstari.

Faili la Kivietnam bado ninalo. Ukurasa mmoja nautumia hadi leo, ule wa vitenzi vinavyoishia kwa “-ed”, ila nimeugeuza. Wao walikuwa wanafundishwa kutoipoteza sauti ya mwisho. Sisi tunafundishwa kutoijaza irabu, kwani kwetu “worked” huwa “wokedi” na “lived” huwa “livedi”. Nimezipa kona tatu za darasa sauti tatu: kona ya “t” kwa “worked”, kona ya “d” kwa “lived”, na kona ya “id” kwa “wanted”, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kuongeza silabi. Nasema kitenzi, nao wanakimbilia kona yake. Juma lililopita nilisema “helped”, na wengi wakaenda kona ya “id”, wakasimama pale wakisema “helipedi”, hadi msichana mmoja aliyekuwa peke yake kwenye kona ya “t” alipowaomba wahesabu silabi kwa vidole.